Vifungu Vitatu kwa Saa Moja

Mwaka 2022, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, alitoa habari iliyowaudhi wengi. Mwaka mmoja kabla ya hapo Kenya ilikuwa imetia saini makubaliano na Uingereza ili wauguzi wake waende kufanya kazi huko. Kati ya wauguzi 300 waliopewa mtihani wa Kiingereza, alisema waziri, waliofaulu walikuwa 10. Na hawa hawakuwa watu wasiojua Kiingereza. Walisomea uuguzi kwa Kiingereza, waliandika ripoti za zamu kwa Kiingereza, na leseni zao walizipata kwa mitihani ya Kiingereza. Aliyetaka kuwacheka alicheka. Aliyetaka kuelewa alipaswa kwanza kuutazama mtihani wenyewe.

Mitihani ya aina hii huwa na sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Mhadhara huu unashika moja tu, ya kusoma, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mtahiniwa humlipa mwalimu wa tuisheni amsahihishie insha. Hutafuta mwenzake wa kuzungumza naye. Kwenye daladala au matatu huvaa visikizi asikilize redio ya London. Lakini kusoma? Kusoma anakujua tangu darasa la kwanza. Basi hupitia pasti pepa mbili tatu katika wiki ya mwisho, na matokeo yakija anadhani kompyuta imekosea.

Mtihani unaofahamika zaidi Afrika Mashariki ni IELTS, ulioanza kwa jina hilo mwaka 1989 na unaomilikiwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge. Toleo lake la kitaaluma humpa mtahiniwa vifungu vitatu vyenye jumla ya maneno kati ya 2,150 na 2,750, maswali 40 na dakika 60. Alama hutolewa kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 9. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC, linataka ngazi ya 7 katika kusoma, yaani takriban majibu 30 sahihi kati ya 40. Hiyo ni asilimia 75, alama ambayo katika shule nyingi za sekondari ingemletea mtoto zawadi siku ya wazazi. Mwenye majibu 23 yuko ngazi ya 6, na safari yake inaahirishwa.

Mtihani wa namna hii haukuanza jana. Mwaka 1913 Cambridge ilianzisha mtihani wake wa kwanza wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni. Ulichukua saa 12. Ndani yake mlikuwa na tafsiri, sarufi, imla, insha, fonetiki na fasihi ya Kiingereza. Watahiniwa walijitokeza watatu, na wote watatu walianguka. Kwa hiyo wauguzi wa Kenya wasijione wa kwanza.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya Atlantiki, mwalimu mmoja wa Marekani, Frederick J. Kelly, alikuwa akisumbuliwa na jambo jingine. Aliona kwamba karatasi moja ya mwanafunzi ikisahihishwa na walimu wawili hupata alama mbili tofauti. Mwaka 1915, huko Kansas, akatoa mtihani wa kusoma kimyakimya ambao kila swali lilikuwa na jibu moja tu lisilobishaniwa. Swali moja liliorodhesha wanyama wanne, ng'ombe, chui milia, panya na mbwa mwitu, na kumtaka mtoto azungushie mstari yule mwenye manufaa shambani. Mtihani huo hutajwa kuwa ndio ulioanzisha maswali ya kuchagua jibu, na ulikuwa mtihani wa kusoma, wala si wa hesabu wala wa sayansi.

Dai la Kelly ndilo linalotawala hadi leo. Kila jibu lazima liweze kutetewa kwa kuweka kidole juu ya mstari fulani wa kifungu. Mtahini hataki kujua mtahiniwa anafikiri nini kuhusu nyuki, vioo au reli za zamani. Anataka kujua kama ameona kilichoandikwa, na kama ameona kisichoandikwa. Hilo la pili ndilo linalowaangusha watu wenye akili zao timamu.

Kuna aina ya swali ambalo mtahiniwa hupewa sentensi na kutakiwa aamue: Kweli, Si Kweli, au Haikutajwa. Hiki hapa kifungu kifupi kilichotungwa kwa ajili ya mhadhara huu, kwa Kiswahili, ili Kiingereza kisiwe kisingizio:

"Mkarafuu uliingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akawahimiza wenye mashamba waupande. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuathirika sana. Bei ya karafuu ilipopanda baada ya hasara hiyo, wenye mashamba wa Pemba walipanua upandaji."

Sentensi ya kwanza ya kupimwa: kimbunga cha 1872 kiliidhuru mikarafuu ya Unguja kuliko ya Pemba. Kweli, hakuna wa kubisha. Ya pili: mikarafuu yote ya Unguja iliangushwa na kimbunga. Si Kweli, kwa sababu kifungu kimesema sehemu kubwa, na sehemu hata iwe kubwa vipi haiwi yote. Msomaji mwenye haraka huliona neno kimbunga, akaliona Unguja, akaiona mikarafuu, akaandika Kweli na kusonga mbele.

Ya tatu: kabla ya kimbunga, Unguja ilizalisha karafuu nyingi kuliko Pemba. Hapa ndipo penye utamu. Mtu wa Pemba, anayejua kwamba karafuu nyingi za Zanzibar leo hutoka kisiwani kwao, huandika Si Kweli bila kupepesa macho. Aliyesoma historia anajua kwamba kabla ya 1872 Unguja ndiyo iliyotangulia, na kwamba kimbunga ndicho kilichogeuza mambo. Yeye huandika Kweli. Wote wawili wanakosa alama. Kifungu hakikulinganisha uzalishaji wa visiwa hivyo kabla ya kimbunga, kwa hiyo jibu ni Haikutajwa. Mwanahistoria hata akikata rufaa hatashinda, ingawa anachokisema ni sahihi kabisa.

Watu hulalamika kwamba huo ni mtego. Ni mtego kweli, lakini si wa kipuuzi. Muuguzi anayesoma faili la mgonjwa anatakiwa ajue kilichoandikwa na daktari wa zamu iliyopita, asijaze mwenyewe kile anachodhani daktari alikusudia. Njia ya kujikinga ni kujiuliza swali moja kila mara: je, kifungu kinaipinga sentensi hii, au kimenyamaza tu? Kikipinga, ni Si Kweli. Kikinyamaza, ni Haikutajwa, hata kama dunia nzima inaujua ukweli wake. Kwa bahati nzuri, maswali ya aina hii hufuata mpangilio wa kifungu. Jibu la swali la 5 haliwezi kuwa juu ya jibu la swali la 4. Maswali ya kuoanisha vichwa na aya hayafuati mpangilio huo, na vichwa vinavyotolewa huwa vingi kuliko aya, ili mtu asifanikiwe kwa kubahatisha mabaki.

Shule zetu zina sehemu yake katika jambo hili. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE nchini Kenya, na katika mtihani wa Kidato cha Nne wa Tanzania, ufahamu hukaa pamoja na ufupisho, na mwanafunzi huzoeshwa kujibu kwa maneno yake mwenyewe. Huo ni ujuzi mzuri, na ni bora, kwa maoni ya wengi waliowahi kufundisha, kuliko kunakili. Lakini IELTS hutaka kinyume chake. Maelekezo husema: tumia maneno yasiyozidi mawili, yatoke ndani ya kifungu. Mwanafunzi aliyelelewa kwa sentensi kamili huandika maneno matano mazuri na kupata sifuri. Mwingine hubadilisha nomino ikawa kitenzi ili aonyeshe ameelewa, sifuri. Mwingine hukosea herufi moja ya neno lililo mbele ya macho yake. Sifuri pia, kwa sababu tahajia huhesabiwa. Hakuna alama inayopunguzwa kwa jibu baya, na hivyo kuacha nafasi wazi ni hasara ya bure, lakini wako watahiniwa wanaoziacha kwa sababu walimu wao wa zamani waliwafokea kwa kubahatisha.

Kisha kuna saa. Marc Brysbaert, mtafiti wa Ubelgiji, alikusanya tafiti 190 na mwaka 2019 akatoa wastani wa kasi ya mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya: maneno 238 kwa dakika kwa maandishi yasiyo ya kubuni. Kwa kasi hiyo, maneno 2,500 humalizika kwa dakika 10 na nusu. Tuseme mtahiniwa wa Dodoma anasoma nusu ya kasi hiyo. Atamaliza vifungu vyote kwa dakika 21, na zitambakia 39 za kujibu maswali 40. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba saa moja inatosha kwa mtu anayesoma mara moja na kurudi mahali panapohusika tu. Haitoshi kwa anayesoma kifungu kizima upya kwa kila swali, na hiyo ndiyo tabia ya wengi wanaoishiwa na muda kabla ya kufika kifungu cha tatu, ambacho kwa kawaida ndicho kigumu zaidi.

Wauzaji wa kozi za kusoma kwa kasi huchukua pesa nyingi hapo. Mwaka 2016 Keith Rayner na wenzake walipitia ushahidi wa miaka mingi kuhusu jicho linavyosoma, wakahitimisha kwamba kasi ikiongezwa mno, uelewa hupungua. Jicho haliteremki ukurasani kama maji. Huruka kutoka neno hadi neno, hutua kwa karibu robo ya sekunde, na mara kwa mara hurudi nyuma kuhakikisha. Marudio hayo ni sehemu ya kuelewa; mwenye kujilazimisha asirudi hujiibia mwenyewe. Kinachofaa kuharakishwa ni kutafuta. Mtu aliyekwisha kukijua kifungu kwa jumla hulitafuta jina la mtaalamu au mwaka fulani kama mwanafunzi anavyolitafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo iliyobandikwa ukutani, akiyapita majina mia bila kuyasoma. Akilipata, anapunguza mwendo na kusoma sentensi tatu kwa utulivu: iliyo na jina, ya kabla yake na ya baada yake.

Lakini mbinu zote hizo zina kikomo, na kikomo chenyewe ni maneno. Paul Nation, mtafiti wa New Zealand, amekadiria kwamba msomaji anahitaji kuyajua maneno 98 kati ya kila 100 ili asome bila msaada, na kwamba kwa maandishi ya Kiingereza kiwango hicho hufikiwa kwa kujua jamii za maneno 8,000 hadi 9,000. Mwenzake Averil Coxhead alichapisha mwaka 2000 orodha ya jamii 570 tu ambazo hujaza karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Ukiiangalia orodha hiyo unaelewa kwa nini muuguzi hodari hujikwaa. Hamna humo majina ya magonjwa wala vifaa vya wodi, ambavyo anavijua vyote. Mna maneno kama *whereas*, *hence* na *notwithstanding*, yale yanayoshikamanisha hoja, ambayo katika ripoti ya zamu hayana kazi. Mgonjwa ana homa, amepewa dawa, homa imeshuka: sentensi za namna hiyo mtu anaweza kuzisoma miaka ishirini bila kukutana na *notwithstanding* hata mara moja.

Zaidi ya maneno kuna ujuzi wa mambo. Mwaka 1972 John Bransford na Marcia Johnson waliwasomea watu maelezo ya kufua nguo yaliyoandikwa bila kutaja nguo wala kufua. Walioambiwa mada kabla ya kuyasikia waliyaelewa na kuyakumbuka. Wasioambiwa waliona ni porojo, ingawa kila neno lilikuwa rahisi. Mtahiniwa anayekutana na kifungu kuhusu barafu ya Antaktika au viwanda vya pamba vya Manchester, naye hajawahi kusoma lolote la namna hiyo, yumo katika kundi la pili. Gazeti la The East African ni chakula kizuri cha kila wiki, lakini habari zake nyingi mtu wa hapa anazijua nusu kabla hajazisoma, na jicho hujiruhusu kuruka. Ni lazima lichanganywe na yasiyozoeleka: makala za akiolojia, za wanyama wa baharini, za historia ya fedha.

Je, kusoma kwa wingi kunasaidia kweli, au ni wimbo wa walimu? Warwick Elley na Francis Mangubhai walilijaribu jambo hilo katika shule za msingi za vijijini Fiji, ambako watoto walijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Madarasa mengine yalijazwa vitabu vya hadithi vyenye picha, mengine yakaendelea na vitabu vya kawaida vya somo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha kwamba waliopewa hadithi waliwapita wenzao kwa mbali katika kusoma. Mwaka uliofuata, 1984, Clive Criper na William Dodd walitoa ripoti yao kuhusu Tanzania, iliyosema waziwazi kwamba Kiingereza cha shule za sekondari kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo mengine. Mradi uliofuata, kwa msaada wa Uingereza, ulipeleka shuleni vitabu vyepesi vya kusoma. Mjadala wa lugha ya kufundishia ulibaki palepale na bado unaendelea, lakini fikra ya vitabu vyepesi ilikuwa sahihi. Mtu wa ngazi ya 5 anayejilazimisha kusoma majarida ya wataalamu huishia kutazama kamusi; kitabu chepesi humpa kurasa mia kwa jioni tatu.

Pasti pepa zina kazi yake, nayo ni kupima na kufichua. Cambridge imechapisha mfululizo mrefu wa vitabu vya mitihani halisi tangu miaka ya 1990, na nakala zake za fotokopi zimejaa kila mahali. Anayejibu karatasi moja kila usiku, akahesabu alama, akalala, hupata takwimu za kushindwa kwake na si zaidi. Kazi yenyewe huanza baada ya kusahihisha. Daftari la mazoezi lenye manufaa lina safu nne: jibu lililoandikwa, jibu sahihi, mstari wa kifungu unaolithibitisha, na sababu ya kukosa. Safu ya nne ndiyo inayouma. Baada ya karatasi tatu hivi, sababu huanza kujirudia. Kuna mtu ambaye kila kosa lake linatokana na kutoliona neno linalowekea mipaka, kama vile baadhi, pekee au mara chache. Kuna ambaye makosa yake yote yako kifungu cha tatu, na tatizo lake ni saa. Kuna aliyekosa Haikutajwa tano kati ya tano, na huyo anajua mno. Dawa ya mmoja haimfai mwingine, ndiyo maana darasa la watu arobaini wanaopewa "mbinu kumi za kufaulu" huzaa matunda machache.

Mazoezi yafanywe pia kwa umbo la mtihani wenyewe. Anayefanyia kwenye kompyuta huona kifungu upande wa kushoto na maswali upande wa kulia, na anaweza kutia rangi sentensi. Aliyezoea kuchora mistari kwa penseli hupotea. Anayefanyia kwenye karatasi akumbuke kwamba katika kusikiliza hupewa dakika 10 za kuhamishia majibu, na katika kusoma hapewi hata moja. Simu ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii, maana aya moja hujaza kioo kizima na msomaji hapati picha ya kifungu kilivyopangika.

Swali la haki halikwepeki. Mwaka 2021 vijana wa Nigeria wa shirika la Policy Shapers walianza kampeni dhidi ya sharti la mtihani wa Kiingereza, wakihoji kwa nini orodha ya Uingereza ya nchi zinazosamehewa mtihani haikuwa na nchi hata moja ya Afrika. Hoja yao ina uzito, hasa kwa kuwa ada ni kubwa na matokeo huhesabika kwa miaka miwili tu, na muuguzi anayesubiri viza akicheleweshwa hulipa upya. Ila kampeni hiyo inazihusu serikali na mabaraza. Mtahiniwa mwenye tarehe ya mtihani mwezi ujao ana kazi nyingine.

Kwa wahudumu wa afya ipo njia ya pili. Tangu 2017 NMC inaukubali pia mtihani wa OET, uliobuniwa Australia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wataalamu wa afya. Kusoma kwake pia ni dakika 60, kwa maswali 42, na kinachotakiwa ni daraja B. Sehemu A ina maandishi manne mafupi kuhusu hali moja ya ugonjwa, mara nyingi pakiwemo jedwali la dozi, na maswali 20 ya kujibiwa kwa dakika 15, kisha karatasi hukusanywa kabla ya sehemu nyingine kuanza. Wauguzi wengi huona nafuu hapo, kwa kuwa maneno ni ya wodini. Lakini ni hapohapo ambapo muuguzi mzoefu huandika dozi anayoitoa kila siku hospitalini kwake badala ya ile iliyo kwenye jedwali, na mwongozo wa matibabu wa Kisumu au wa Mbeya si lazima ufanane na ule aliouweka mtunzi wa mtihani.